Kulipia kupita foleni Walt Disney World: je, familia ya watu sita inapata thamani ya fedha yake?

Mama wa Watatu, Dallas (swali)

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kwenda, kwa sababu nimesoma maelezo mengi na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Katikati ya Machi, watoto watakapokuwa wamefunga shule, tutasafiri kwenda Orlando, Florida, kwa siku nne, siku moja kwa kila bustani ya burudani ya Walt Disney World: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Tutakuwa watu sita, yaani mimi na mume wangu, binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 9, kitindamimba wetu wa miaka minne ambaye jana nimempima nikapata sentimita 101, pamoja na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71. Mama alitoka Moshi mwezi wa Novemba kuja kututembelea, na magoti yake hayamruhusu kusimama zaidi ya dakika ishirini bila kukaa. Hatutalala katika hoteli za Disney. Tumekodi nyumba Kissimmee, kwa kuwa watu sita katika vyumba viwili vya hoteli ni gharama tusiyoimudu.

Tiketi za kuingilia tumeshanunua. Swali langu linahusu ile njia ya pembeni inayoitwa Lightning Lane, ambayo mtu huilipia juu ya tiketi ili asikae katika foleni ya kawaida. Nikikadiria dola 28 kwa mtu kwa siku, watu sita kwa siku nne ni dola 672, na hapo sijahesabu ile michezo mikubwa ambayo huuzwa peke yake. Fedha hiyo ni karibu nusu ya nauli tuliyomlipia mama kuja hapa. Je, kweli inarudi kwa namna yoyote, au tunanunua utulivu wa moyo tu?

Jambo la pili si la fedha, na naomba mlichukulie kwa uzito uleule. Mimi nimekulia mahali ambapo maji yalitoka bombani kwa saa chache, ndoo zikapangwa kwa utaratibu wa waliofika, na mtoto aliyesogeza ndoo ya kwao mbele alirudishwa nyuma na mzazi wa mtu yeyote aliyekuwapo. Sijui nitamweleza nini mwanangu wa miaka tisa tutakapopita mbele ya watoto wenzake waliosimama juani kwa saa nzima. Nisaidieni kuyafikiria yote mawili.

Jirani wa Mbuga, Tampa

Dada, karibu Florida. Mimi naishi Tampa, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka huko, na nimepeleka wageni wa kutosha kutoka Arusha, Mombasa na Minnesota kuweza kukujibu bila kuzungukazunguka. Lipia Magic Kingdom kwa familia nzima. Lipia Hollywood Studios kwa wale tu watakaopanda michezo yenyewe. EPCOT na Animal Kingdom usilipie kitu. Sasa nieleze sababu, kwa maana ushauri mwingi utakaokutana nao umeandikwa na watu wanaokumbuka utaratibu uliokwisha kufutwa.

Kuanzia mwaka 1999 huduma hii ilikuwa ya bure. Iliitwa FastPass, na mtu alichukua karatasi kwenye mashine iliyomwonyesha saa ya kurudi. Baadaye ikahamia kwenye simu na vikuku vya mkononi, lakini bado haikulipiwa. Bustani zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kufunguliwa tena Julai, FastPass haikurudi. Oktoba 2021 ikaja huduma ya kulipia iliyoitwa Genie+, iliyoanza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku, na tarehe 24 Julai 2024 ikabadilishwa jina na taratibu kuwa hii unayoiona sasa. Kwa hiyo shemeji au rafiki atakayekuambia kwamba yeye alipita foleni zote bila kulipa hakudanganyi. Alikwenda zama nyingine.

Utaratibu wa sasa uko hivi. Lightning Lane Multi Pass inakuruhusu kuchagua mapema michezo mitatu katika bustani moja, kila mmoja ukiwa na muda wake wa saa moja wa kufika, na ukishautumia wa kwanza unaongeza mwingine, mmoja mmoja, hadi jioni. Wanaolala katika hoteli za Disney huchagua siku saba kabla. Ninyi mtakaokaa Kissimmee mtachagua siku tatu kabla, kuanzia saa moja asubuhi kwa saa za Florida, ambayo ni saa kumi na mbili asubuhi kwenu Dallas. Usiipuuze tofauti hiyo ya saa moja, kwa sababu nafasi nzuri za asubuhi huisha haraka. Michezo michache inayotafutwa kuliko yote haimo katika kifurushi hicho. Huuzwa mmoja mmoja kwa jina la Single Pass, mara nyingi kati ya dola 10 na 25 kwa kila mtu. Bei zote hupanda na kushuka kulingana na tarehe na bustani, na wiki za likizo za Machi si za bei ya chini.

Kabla hujalipa senti, kaa na watoto mezani uandike ni nani atapanda nini, maana kila mtu hununuliwa nafasi yake peke yake na hakuna sharti la kuwanunulia wote. Kitindamimba wako wa sentimita 101 atapanda Seven Dwarfs Mine Train, ambayo inataka sentimita 97, na Slinky Dog Dash yenye kipimo hichohicho. Lakini Rise of the Resistance, mchezo mkubwa kuliko yote pale Hollywood Studios, unataka 102. Amepungukiwa sentimita moja, na wafanyakazi wanaopima mlangoni hawalegezi, kwa haki kabisa, kwa sababu vyuma vya kumshika mtu vimetengenezwa kwa mwili wa kimo hicho. Mwambie mapema akiwa nyumbani, asije akalia mlangoni. TRON ya Magic Kingdom inataka 122, na Flight of Passage ya Animal Kingdom inataka 112. Kumlipia mtoto ambaye hataruhusiwa kupanda ni kutupa fedha, na nimewaona watu wakifanya hivyo kwa kuwa walibonyeza jina la kila mmoja bila kufikiri.

Tena kuna huduma ya bure ambayo wageni wetu wengi hawaijui. Inaitwa Rider Switch. Mume wako anaingia foleni na wakubwa wawili, wewe unabaki nje na mdogo na mama; wao wakitoka, wewe unaingia kwa njia ya pembeni bila kuanza foleni upya. Muulize mfanyakazi wa mlangoni kabla kundi la kwanza halijaingia, siyo baada ya kutoka.

Kwa nini Magic Kingdom kwa wote sita? Kwa sababu ndiyo bustani yenye michezo mingi kuliko nyingine, na mingi kati yake haina kipimo cha urefu. Peter Pan's Flight, kwa mfano, ni mchezo mpole wa dakika tatu hivi ambao bibi na mjukuu wanaweza kukaa pamoja, lakini vyombo vyake hubeba watu wachache, na ndiyo maana foleni yake huwa ndefu karibu mchana wote. Hapo ndipo tiketi ya mama inapofanya kazi. Mimi nisingeihesabu kama bei ya kwenda haraka. Ningeihesabu kama bei ya magoti yake. Mkodishieni pia kiti cha magurudumu langoni, hata kama atakataa mwanzoni, kwa sababu umbali wa kutembea kwa siku moja huwashinda hata vijana. Lakini mjue kwamba kiti hicho hakimpitishi mbele: foleni nyingi za kawaida zimejengwa kwa upana wa kupitisha kiti, hivyo atasubiri pamoja na wengine, ila akiwa amekaa. Ile huduma ya wenye ulemavu iitwayo DAS ilibanwa masharti mwaka 2024, na sasa inalenga hasa watu wenye hali kama usonji ambao hawawezi kustahimili foleni ya kawaida kwa muda mrefu. Maumivu ya magoti peke yake, kwa kawaida, hayaingii humo.

EPCOT ina michezo michache mikubwa, na sehemu kubwa ya raha yake ni kutembea kando ya ziwa na kula, jambo lisilohitaji kupita foleni. Kama mnautaka sana mchezo wa Cosmic Rewind, unaohitaji sentimita 107, nunueni huo mmoja kwa wakubwa. Animal Kingdom nitaizungumzia ukitaka, maana nina mengi ya kusema.

La mwisho ni muda wa kufika. Magic Kingdom usiihesabie saa ya kufika kwenye maegesho. Ukitokea nje unaegesha gari upande mmoja wa ziwa, kisha unavuka kwa kivuko au kwa treni ya reli moja, na hilo peke yake hula nusu saa. Wageni wa hoteli za Disney huingia nusu saa kabla ya wengine, kwa hiyo hamtakuwa wa kwanza; hata hivyo saa ya kwanza baada ya kufunguliwa ndiyo yenye foleni fupi kuliko zote za mchana, na familia iliyofika mapema hupanda michezo miwili au mitatu kabla tiketi ya kulipia haijaanza kuwa na maana.

Baba wa Mapacha, Houston

Naongeza jambo moja tu kwa atakayesoma hapa akiwa bado hajanunua tiketi. Kwa jirani wa Disney, yaani Universal Orlando, hesabu huwa tofauti kabisa. Hoteli tatu za pale, ambazo ni Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, humpa kila mgeni aliyelala humo tiketi ya Express bila malipo ya ziada katika bustani mbili za zamani, na tiketi hiyo hutumika siku ya kuingia hotelini na siku ya kutoka pia. Maana yake, usiku mmoja unakupa siku mbili za kupita foleni. Sisi tulikuwa wanne, na chumba cha usiku mmoja kilikuwa na bei ndogo kuliko kununua tiketi nne za Express kwa siku mbili, na juu ya hayo tulilala. Bustani mpya ya Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025 haimo katika zawadi hiyo, kwa hiyo asije mtu akanilaumu.

Mhandisi wa Barabara, Nairobi

Sijafika Florida, lakini kazi yangu ya kila siku ni foleni za magari, na swali la pili la dada yetu limenigusa kuliko la kwanza. Ningependa kulijibu kwa hesabu, kwa sababu naona watu wengi huliacha kwenye hisia.

Tuchukue mchezo wa kufikirika unaobeba watu 1,500 kwa saa. Ikiwa mbele yako kuna watu 750 na njia ni moja, utasubiri nusu saa. Sasa mwenye bustani akitenga viti 1,000 kati ya hivyo 1,500 kwa waliolipia, foleni ya kawaida inabaki na viti 500 kwa saa, na watu walewale 750 watakupeleka saa moja na nusu. Chombo hakikuongeza mwendo wala kiti kimoja. Ni kweli kwamba baadhi ya watu watahama foleni ya kawaida na kuifupisha, na kwa hiyo jumla ya dakika za kusubiri, ukizikusanya za watu wote, haibadiliki sana. Kinachobadilika ni nani anayezibeba. Dakika ambazo mwenye kulipa amezitua, mtu mwingine amezipokea.

Hapa Nairobi watu hupenda kufananisha mambo haya na Expressway, ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ambayo wenye magari waliruhusiwa kuanza kuitumia Mei 2022. Wanasema, kwani anayelipa pale naye hapiti foleni ya Mombasa Road? Anapita, lakini amepita juu ya zege lililoongezwa. Njia mpya ilijengwa, na kila gari linalopanda juu limeacha nafasi chini. Unaweza kubishana kuhusu bei yake na kuhusu vumbi tulilolila wakati wa ujenzi, lakini huwezi kusema kwamba anayelipa amekaa katika kiti cha asiyelipa. Vivyo hivyo daraja la Kigamboni kule Dar es Salaam, ambalo wenye haraka hulipia badala ya kungoja kivuko cha Magogoni. Katika bustani ya burudani hakuna zege jipya. Viti ni vilevile.

Kwa hiyo, dada, moyo wako haukukosea kuona uzito. Sisemi kwamba ukilipa umetenda dhambi, kwa maana utaratibu si wako na hujamdanganya mtu. Aliyegawa viti ni mwenye bustani, naye ameuweka wazi mlangoni. Lakini mwanao akikuuliza, usimwambie kwamba tumelipia huduma isiyomhusu mtu mwingine, kwa sababu si kweli, na mtoto wa miaka tisa anayeijua kutoa na kujumlisha ataligundua hilo mwenyewe.

Mkazi wa Muscat

Salaam aleikum. Mimi na familia yangu ni watu wa Unguja tulioko Oman, na bustani tunazoziendea ni za Abu Dhabi na Dubai. Ferrari World, penye gari la reli linalokimbia kilomita 240 kwa saa, nyingi ya michezo yake imo ndani ya jengo lenye kiyoyozi, kwa hiyo suala la jua, ambalo kwa wenzetu wa Florida ndilo linalowasukuma kulipa, kwetu ni dogo. Tiketi ya kupita haraka huuzwa pale pia. Mimi sijainunua hata mara moja, kwa sababu tunakwenda katikati ya wiki. Tangu Januari 2022 Imarati walipohamishia mapumziko yao Jumamosi na Jumapili, sisi wa Oman ambao bado tunapumzika Ijumaa na Jumamosi tunaweza kutumia Ijumaa asubuhi, wakati wengi wao wako kazini au shuleni. Dada wa Dallas hawezi kuchagua siku, kwa vile shule ndiyo inayomchagulia, lakini anayeweza kuchagua siku asikimbilie kulipa.

Baba wa Bukavu, Paris

Namheshimu sana mhandisi wa Nairobi, na hesabu yake siipingi. Naipinga picha aliyotuachia, kwamba anayelipa ni mwenye nguvu na asiyelipa ni mnyonge.

Mimi hufanya kazi za usiku. Kwa mwaka mzima napata siku moja, mara chache mbili, ya kuwapeleka watoto Disneyland Paris, iliyoko Marne-la-Vallée mwisho wa reli ya RER A. Huko nako FastPass ya bure iliondolewa, na tangu 2021 kuna Premier Access inayouzwa kwa kila mchezo mmoja mmoja, au kwa kifurushi cha siku nzima kwa anayetaka. Sasa katika foleni ya kawaida kuna watu wenye kadi ya mwaka wanaokaa karibu, ambao wakiona foleni ni ndefu leo watarudi wiki ijayo baada ya shule. Kati yangu na huyo, ni nani anayekosa zaidi akisubiri dakika tisini? Foleni huonekana ya haki kwa sababu inadai kitu ambacho kila mtu anacho, yaani muda. Lakini muda wetu haulingani hata kidogo. Mwenye mapumziko mengi hutoa dakika tisini kama mtu anayetoa chenji mfukoni, na mimi ninazitoa kutoka katika siku yangu moja.

Hata hivyo sinunui kifurushi. Watoto wangu hupiga kura jioni ya kuamkia safari, kila mmoja anataja mchezo mmoja, na ninalipia miwili iliyopata kura nyingi. Iliyobaki tunasubiri kama wengine. Kwa njia hiyo nimetumia kiasi kinacholingana na mlo wetu wa mchana, na watoto wanajua kwamba kupita mbele si kawaida yao, ni kitu kilichochaguliwa na kugharimiwa. Mwaka jana kijana wangu mkubwa aliitoa kura yake kwa mchezo ambao mdogo wake alitaka, bila mtu kumwambia.

Dada, kwa hali yako mimi ningelipia siku mbili alizosema jirani wa Tampa, na nisingeona haya mbele ya mtu.

Mama wa Watatu, Dallas

Ahsanteni sana, nyote. Nimezisoma hoja zenu kwa sauti baada ya chakula cha jioni, na mjadala uliendelea hadi watoto wakachelewa kulala.

Mama alisikiliza hesabu ya mhandisi hadi mwisho, kisha akasema kwamba nimesahau sehemu ya habari ya bombani. Ni kweli kwamba ndoo zilipangwa, lakini ndoo ya mjamzito na ya mzee zilisogezwa mbele na watu wenyewe, na mwenye mgonjwa nyumbani alitaja tu jina la mgonjwa akapishwa. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu kila mtu aliiona sababu kwa macho yake. Nimegundua kwamba hilo ndilo lililokuwa likinisumbua bila kulijua. Sikuwa nikidhani kwamba foleni haina upendeleo. Nilikuwa nimezoea upendeleo unaotolewa na wanaosubiri wenyewe, si unaouzwa dirishani. Kwa hiyo mwanangu nitamwambia hivyo. Tunalipia Magic Kingdom kwa sababu bibi hawezi kusimama nasi tunataka kukaa naye, na kwamba kuna watu nyuma yetu watakaosubiri zaidi kwa ajili hiyo, basi tusipite tukicheka wala tukiwapungia mikono.

Kuhusu fedha, binti yangu amepiga hesabu mpya. Magic Kingdom watu sita kwa kadirio la dola 32 ni 192, na Hollywood Studios watu watano kwa dola 30 ni 150, kwa kuwa mama amesema siku hiyo atapumzika nyumbani Kissimmee. Jumla ni dola 342 badala ya 672. Rise of the Resistance tutaingia foleni ya kawaida asubuhi, kwa utaratibu wa kubadilishana zamu, na mdogo ameshaelezwa habari ya sentimita moja. Amejibu kwamba kabla ya Machi atakuwa amekua.

Imebaki Animal Kingdom. Jirani wa Tampa, ulisema una mengi ya kusema.

Jirani wa Mbuga, Tampa

Ninayo, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya mama.

Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe. Waliokibuni walichota sura yake kutoka pwani yetu, hasa Lamu: kuta za chokaa zilizochubuka, mbao za milango, vibao vya maduka. Utakuta mkahawa unaoitwa Tamu Tamu na baa inayoitwa Dawa. Mwaka wa uhuru wa kijiji hicho umeandikwa 1961. Nimewahi kumwona mzee wa kutoka Tanga akisimama mbele ya vibao hivyo akivisoma kimoja baada ya kingine, kwa sauti, huku watu wakimpita wakikimbilia mchezo mwingine. Hakuna foleni ya kusoma.

Hapo kijijini ndipo inapoanzia Kilimanjaro Safaris, lori la wazi linalozunguka kwenye uwanda wenye twiga, tembo, vifaru na simba kwa muda wa dakika ishirini hivi. Hauna kipimo cha urefu, kwa hiyo mtapanda wote sita. Usiulipie. Uwe mchezo wenu wa kwanza asubuhi, kwanza kwa sababu foleni bado ni fupi, na pili kwa sababu wanyama hutembea kabla ya jua kuwa kali; mchana wengi hujilaza kivulini, kama mnavyojua ninyi mliozaliwa chini ya mlima. Wenye haraka kwa kawaida hukimbilia Flight of Passage upande wa pili, jambo ambalo huwaachia ninyi lori. Mkitoka, kando yake kuna njia ya kutembea kwa miguu yenye masokwe na viboko, ambayo haina foleni kabisa, na kuna mabenchi. Baadaye mpelekeni mama kwenye onyesho la jukwaani la Festival of the Lion King, palepale Harambe, ambalo hutazamwa watu wakiwa wamekaa. Fikeni dakika thelathini kabla na hamtahitaji kulipia nafasi.

Wakubwa wakitaka sana Flight of Passage, mume wako aende nao saa moja kabla ya bustani kufungwa. Anayeingia foleni kabla ya saa ya kufunga huruhusiwa kumaliza, na wakati huo familia nyingi zenye watoto wadogo zimeshaondoka.

Mama wa Watatu, Dallas

Nimemsomea mama. Nilipofika kwenye mwaka 1961 alinisimamisha. Alikuwa mtoto wa miaka saba, na anakumbuka usiku ambao mwenge wa Uhuru ulipandishwa kileleni, watu wazima wa kijijini kwao wakitoka nje na kuukodolea macho mlima. Ameniuliza bustani hiyo hufunguliwa saa ngapi. Nimemwambia mapema sana, naye akasema basi tutoke nyumbani saa kumi na mbili.